Maji Meupe Siyo Lazima Yawe Maji Salama

Ndugu mkulima, teka maji ya kisima chako katika gilasi, uyashike mbele ya jua na kuyatazama. Yakiwa meupe, bila takataka, wengi wetu husema, "Haya ni maji mazuri," tukayanywa. Lakini jicho la mtu halikuumbwa kwa kazi hiyo. Ndani ya gilasi ile ile vinaweza kuwamo vijidudu maelfu, na maji yasibadilike rangi wala harufu wala ladha. Huenda maji ya mto yenye tope kidogo yakawa na madhara machache kuliko maji meupe ya chemchemi ambayo juu yake, hatua ishirini tu, jirani amechimba choo.

Kwa mkulima wa skimu jambo hili lina uzito wake. Mashamba mengi yaliyogawanywa kuanzia miaka ya 1960 yalikuwa mashamba makubwa ya mtu mmoja. Mabwawa yake yalichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na bomba lililokuwapo lilifika kwenye nyumba moja na kwenye dipu. Baadaye zikaja familia nyingi kukaa mahali pale, na zote zikageukia maji yale yale. Ng'ombe bado wapo, watu wameongezeka, vyoo vimeongezeka, lakini chemchemi haikuongezeka. Nao watoto ndio wanaolipa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kuhara huua watoto zaidi ya laki nne walio chini ya miaka mitano kila mwaka, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ingeweza kuzuiliwa kwa maji salama, choo na mikono iliyonawiwa.

Tunajuaje hayo? Hayakujulikana na mtu mmoja, wala kwa elimu ya namna moja. Ilibidi daktari aulize, mhandisi ajenge, na mtaalamu wa vijidudu achungulie kwa hadubini. Kwanza tutakuambia walivyoyagundua, kwa sababu mtu akijua sababu ya jambo hulifanya vizuri zaidi kuliko akiamriwa tu.

DAKTARI ALIYEULIZA MASWALI

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho katika mji wa London, Uingereza. Zaidi ya watu mia sita walikufa. Wakati huo madaktari wengi waliamini ya kuwa ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya inayonuka. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba hadi nyumba akiuliza neno moja: maji yenu yanatoka wapi? Akaona kwamba wengi waliokufa walikunywa maji ya pampu ya barabara iliyoitwa Broad Street. Karibu na pampu hiyo palikuwa na kiwanda cha pombe, na wafanyakazi wake walisalimika, kwa sababu walipewa pombe ya kunywa na hawakuyataka maji ya pampu. (Msomaji asiichukue habari hii kuwa ruhusa.) Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa waliuondoa mkono wa pampu ili mtu asiweze kuteka.

Dr. Snow hakuwahi kuonyesha kijidudu chenyewe. Alikufa mwaka 1858. Ilikuwa mwaka 1884 ndipo Mjerumani Robert Koch, akifanya kazi huko India, alipokiotesha kijidudu cha kipindupindu peke yake, bila kuchanganyika na kingine, akakieleza: kimepinda kama alama ya mkato katika maandishi.

MIJI MIWILI YENYE MTO MMOJA

Sasa sikiliza habari za Hamburg, kwa maana hakuna jaribio lililopangwa na wataalamu lililokuwa wazi kuliko lile lililotokea hapo bila kupangwa na mtu.

Hamburg ni bandari kubwa ya Ujerumani kwenye mto Elbe. Ubavuni mwake, kama shamba lako na la jirani yako, ulikuwako mji wa Altona, ambao siku hizi ni sehemu ya Hamburg yenyewe. Mahali pengine mpaka wa miji hiyo miwili ulipita barabarani, nyumba za upande huu zikawa za Hamburg na za upande ule za Altona. Watu walikuwa wa namna moja, hewa moja, udongo mmoja, kazi moja. Tofauti ilikuwa moja tu. Hamburg iliteka maji yake katika mto Elbe juu ya mji, ikayaacha yatulie kidogo katika mabwawa, kisha ikayasukuma hadi majumbani. Altona ilikaa upande wa chini. Iliteka maji ya mto ule ule baada ya kupita Hamburg na kupokea uchafu wote wa mji huo mkubwa. Mtu yeyote angalisema kwamba watakaokufa ni watu wa Altona.

Mwezi wa Agosti 1892 kipindupindu kiliingia. Kwa muda wa miezi michache tu watu karibu 17,000 wa Hamburg waliugua, na zaidi ya 8,600 wakafa. Huko Altona walipatikana wagonjwa wachache sana, tena wengi wao walionekana kuwa waliupata ugonjwa Hamburg walikokwenda kazini. Koch mwenyewe alitumwa na serikali ya Ujerumani kwenda kutazama. Aliona barabara ambapo watu wa upande wa Hamburg waliugua na watu wa upande wa Altona wakabaki wazima. Tena aliona jambo la kushangaza zaidi: uwanja mmoja wa nyumba za wapangaji ulikuwa ndani ya Hamburg, wenye watu zaidi ya mia tatu, lakini kwa sababu ya namna mabomba yalivyopita ulipata maji ya Altona. Pande zote kuuzunguka watu waliugua. Uwanjani humo kipindupindu hakikuingia.

Altona ilikuwa na nini? Ilikuwa na mchanga. Kabla ya maji kufika majumbani yalipitishwa polepole katika vitanda vikubwa vya mchanga.

Watawala wa Hamburg nao walijua habari za mchanga. Kwa miaka mingi walikuwa wamebishana juu ya gharama, nani alipe na kiasi gani, na mitambo yao ya kuchuja ilikuwa bado haijamalizika ugonjwa ulipowafikia. Waliimaliza mbio mbio mwezi wa Mei 1893. Mwandishi huyu anadhani kila kamati ya maji ingefaa kuikumbuka habari hiyo inapofika saa ya kuchanga fedha.

MCHANGA UNAFANYA NINI?

Mkulima mwenye akili atauliza: kijidudu ni kidogo kiasi gani hata kizuiliwe na mchanga? Swali ni zuri. Punje ya mchanga wa kuchujia ni kama sehemu ya tano ya milimita. Kijidudu cha kipindupindu ni kama sehemu ya elfu ya milimita, au mbili. Nafasi baina ya punje ni kubwa mno kwake. Kumzuia kwa mchanga mtupu ni kama kumzuia kifaranga kwa ua wa ng'ombe.

Mhandisi James Simpson, aliyejenga vitanda vya mchanga kwa kampuni ya maji ya Chelsea huko London mwaka 1829, hakujua habari za vijidudu hata kidogo. Alitaka maji yapoteze tope tu. Kazi yake ilikwenda mbali kuliko alivyokusudia, na sababu ilijulikana baadaye.

Maji yakipita polepole juu ya mchanga kwa siku kadhaa, ngozi nyembamba yenye utelezi huota juu yake. Ngozi hiyo ni hai. Ndani yake mna mimea midogo kabisa na wanyama wadogo wasioonekana kwa macho, nao wana njaa. Vijidudu vya maradhi vinapofika hunaswa na utelezi, vingine huliwa, na vingine hufa kwa kukosa chakula chini ya mchanga. Kitanda kilichokomaa na kutunzwa vema huondoa vijidudu tisini na tisa au zaidi katika kila mia.

Kwa hiyo chujio la mchanga lafaa kutunzwa kama unavyotunza zizi, maana ndani yake mna wanyama. Likiwa jipya, haliwezi kazi siku ya kwanza. Liache lipate kukomaa kwa wiki moja au mbili au tatu. Usiliache likauke, kwa sababu wanyama wake watakufa. Usiyaharakishe maji: katika mitambo ya miji, maji hushuka sentimita kumi hadi ishirini tu kwa saa moja. Mchanga ukiziba, hukwanguliwa juu juu, sentimita moja au mbili, halafu hupewa muda wa kukomaa tena.

Na usidhani kwamba ukishajenga umemaliza. Altona hiyo hiyo iliyosalimika mwaka 1892 ilipata kipindupindu katika majira ya baridi yaliyofuata. Koch alipochunguza alikuta kwamba kitanda kimoja kilisafishwa wakati wa baridi kali, mchanga ukaganda kwa barafu, na maji yakapita bila kuchujwa vizuri. Tangu hapo akashauri kwamba maji ya kila kitanda yapimwe kila siku, na kwamba maji yaliyochujwa yakionyesha vijidudu zaidi ya 100 katika sentimita moja ya ujazo, yasipewe watu. Hapo ndipo mhandisi na mtaalamu wa vijidudu walipofungwa nira moja.

Siku hizi lipo chujio la mchanga la nyumbani. Lilibuniwa na mhandisi David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, katika miaka ya 1990. Ni sanduku la simiti, kimo chake karibu mita moja, lina kokoto chini na mchanga uliooshwa juu. Bomba la kutolea maji limeinuliwa hata sentimita tano hivi za maji hubaki juu ya mchanga wakati wote, ili ile ngozi hai isikauke na bado ipate hewa. Fundi wa kijiji anaweza kulijenga akiwa na kalibu ya chuma. Litumie kila siku. Mchanga usiuchote mahali ng'ombe wanaponywea.

WALIOPIMA MAJI YETU WENYEWE

Utasema, hayo ni mambo ya Ulaya. Basi twende magharibi ya Kenya.

Kuanzia mwaka 2004 wachumi Michael Kremer, Edward Miguel na wenzao walishughulika na karibu chemchemi 200 katika sehemu za Busia na jirani zake. (Kremer alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili, kwa sababu ya majaribio ya namna hii.) Hazikujengewa zote mara moja. Zile za kwanza zilichaguliwa kwa bahati, kama kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo, na ili zilizojengewa zilinganishwe na zisizojengewa bado. Kujenga ni hivi: huchimbwa mpaka kwenye jicho lenyewe la chemchemi, huwekwa mawe na kokoto, hujengwa ukuta wa simiti wenye bomba, na juu hufunikwa kwa udongo. Maji hutoka bombani bila kuguswa na mkono wala kwato.

Kisha wakapima kijidudu kinachoitwa koli, kinachoishi katika matumbo ya watu na wanyama. Koli wengi hawadhuru. Lakini koli akionekana katika maji, ujue kinyesi kimefika huko, na njia aliyopitia yeye ndiyo watakayopitia wabaya. Yeye ni kama nyayo za mwizi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kwenye chemchemi zilizojengewa, uchafu huo ulipungua kwa asilimia 66. Hiyo ni habari njema. Lakini walipofuata maji hadi ndani ya nyumba na kuyapima mtungini, uchafu ulikuwa umepungua kwa asilimia 24 tu.

Soma tena hesabu hizo, mama na baba mwenye nyumba. Maji yalitoka chemchemini yakiwa mazuri, yakaharibika kabla ya kunywewa. Hata hivyo kuhara kwa watoto wadogo kulipungua karibu robo, na mwenye mtoto hawezi kuidharau robo hiyo.

Maji yaliharibika wapi? Fikiri safari yake. Mtungi uliosafishwa kwa majani na udongo wa kando ya kijito. Tawi lililotiwa juu ya ndoo ili maji yasimwagike. Nyumbani, maji hutiwa katika chungu chenye mdomo mpana, na kila mwenye kiu huchovya kikombe chake, pamoja na vidole. Mtoto ametoka kucheza na mbwa, anachovya. Mgeni amefika, anachovya. Ikifika jioni chemchemi nzuri ya simiti haina faida iliyobaki.

Dawa yake ni rahisi kuliko kujenga chemchemi. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba usioingia mkono, chenye kifuniko, na ikiwezekana chenye bomba dogo chini. Maji yamiminwe, yasichotwe. Kama chungu ndicho ulicho nacho, weka kata moja yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, na pasiwe na kikombe kingine kinachoingia humo. Mitungi ioshwe kwa sabuni, siyo kwa udongo.

DAWA YA MAJI NA MIPAKA YAKE

Klorini ina sifa moja isiyopatikana kwa mchanga wala kwa moto: inabaki ndani ya maji ikilinda, hata mkono mchafu ukiingia baadaye. Mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kuitumia daima mwaka 1908, kwa shauri la Dr. John Leal. Kampuni ya maji ilishitakiwa kwa ajili ya maji hayo, dawa hiyo ikakubaliwa katika kesi, na miji mingine ikafuata.

Huku kwetu dawa hiyo iliuzwa madukani katika chupa, lakini wanunuzi walikuwa wachache, kama mmoja katika kumi. Wataalamu wale wa Busia wakajaribu njia nyingine: waliweka tangi dogo la klorini kwenye nguzo kando ya chemchemi, na mtekaji akizungusha mara moja hupata kipimo cha mtungi wa lita ishirini, bila malipo. Zaidi ya nusu ya watu wakaitumia. Sababu zinaeleweka. Ipo pale pale unapoteka, maji yanachanganyika ukiwa njiani kurudi, na jirani anakuona ukiipita.

Ukitia dawa, ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Fuata maandishi ya chupa, maana nguvu ya dawa si moja kwa kila chupa. Maji yenye tope hula dawa. Yachuje kwanza kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe usikidharau. Huko Bangladesh mtaalamu wa vijidudu Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya mabwawa kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Kijidudu kimoja kimoja hupita katika kitambaa, lakini kile cha kipindupindu hupenda kushikamana na wadudu wadogo wa majini, na wadudu hao hawapiti. Walitangaza matokeo mwaka 2003. Tena walikuta kwamba kitambaa kikuukuu huchuja kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zake zimevimba na kufungana. Leso ya zamani iliyofuliwa ina kazi bado.

Sasa, ukweli wote lazima usemwe. Kati ya miaka 2012 na 2016 lilifanywa jaribio kubwa sana katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, lenye kina mama wajawazito zaidi ya 8,000. Wengine walipewa klorini, wengine vyoo bora, wengine mahali pa kunawia mikono, wengine vyote pamoja. Matokeo ya 2018 yalisema kwamba kuhara kwa watoto hakukupungua. Jaribio la namna ile ile huko Bangladesh lilipunguza. Watu wengine husikia hivyo wakasema, basi dawa haina maana. Si hivyo. Huku Kenya watu waliotumia dawa walizidi kupungua kadiri muda ulivyopita, na dawa iliyobaki kwenye nguzo haimtibu mtu. Pia maji ni njia moja tu ya kinyesi kufika kinywani mwa mtoto. Yuko kuku ndani ya nyumba, na uko uwanja ambao mtoto atambaaye hula udongo wake.

NDAMA ANAYEHARISHA

Hapa tunamwambia mfugaji jambo ambalo pengine hajaambiwa. Kipo kijidudu kinachoitwa kriptosporidia. Ni kikubwa kuliko kile cha kipindupindu, lakini kimevaa ganda gumu, na klorini ya nyumbani haikiui. Mwaka 1993 kilipita katika mtambo wa maji wa Milwaukee, Marekani, mji wenye mitambo na klorini tele, na watu wapatao laki nne wakaharisha. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi saba, pamoja na Siaya hapa Kenya, na kutangazwa mwaka 2013, ulikitaja katika vijidudu vinne vinavyoongoza kwa kuwaharisha watoto wadogo vibaya.

Ndama wa wiki moja hadi tatu anayeharisha maji ya manjano mara nyingi anacho, naye hukitoa kwa mamilioni. Aina inayopita baina ya mtu na mtu ndiyo huonekana zaidi kwa watoto wetu, lakini ile ya ndama humpata mtu pia. Basi ndama mgonjwa atengwe. Watoto wadogo wasipewe kazi ya kumnywesha. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kabla ya kushika maziwa au chakula. Samadi yake isilundikwe mahali ambapo mvua itaipeleka kisimani. Kwa maji yenyewe, mchanga uliokomaa hukizuia kwa sehemu kubwa, na moto hukiua kabisa.

Na tukitaja moto, wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na Molo huuliza kama maji ya kwao yanachemka sawasawa, maana huko juu maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya pwani. Ni kweli. Penye mita 2,500 juu ya bahari maji huchemka yakifika kama digrii 92, badala ya 100. Hata hivyo vijidudu vya maradhi hufa katika joto hilo. Maji yakishatokota kwa nguvu, dakika moja yatosha. Na kwa wale wanaokaa juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu. Zamani tulifundishwa dakika kumi au ishirini. Hiyo ni hasara ya kuni tu. Yakishapoa yabaki katika chombo kile kile, au yamiminwe katika mtungi uliooshwa.

Mtoto akishaanza kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti zitolewazo zahanati, umwendeleze kunyonya na kula, na umpeleke akapewe vidonge vya zinki. Kukiwa na damu, au macho yakidumbukia, usingoje asubuhi.

CHEMCHEMI IKIWA KATIKA SHAMBA LA MTU

Katika skimu nyingi chemchemi imeangukia ndani ya ploti ya mtu mmoja, na desturi ni kwamba jirani hazuiliwi kuteka. Desturi hiyo ni njema, lakini huleta shida: mwenye ploti hataki kutumia simiti yake kwa maji ya wengine, na wengine hawataki kujenga katika ardhi isiyo yao. Hivyo chemchemi hubaki matope miaka yote. Mahali palipofanikiwa watu walikaa pamoja kwanza, wakaandika nani atateka, nani atafagia mfereji, na mwenye ploti atalipwaje kwa kipande cha ardhi kitakachozungushiwa ua. Andikeni kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti.

Upande wa juu wa chemchemi chimbeni mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Wekeni ua ili ng'ombe wasifike, na birika lao liwekwe chini, mbali na bomba. Choo kisiwe juu ya chemchemi, tena kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Choo kilichopo karibu kuliko hapo kizibwe, kingine kichimbwe. Maneno hayo huleta ugomvi na jirani, lakini Afisa wa Afya ana mamlaka ya kuja kuyasema badala yenu. Mwiteni.

Mwombeni pia awasaidie kupima maji, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja mvua zikiwa zimeanza, maana mvua za kwanza ndizo husomba uchafu wa miezi mingi. Yeye ana chupa zilizosafishwa kwa kazi hiyo. Ukiagizwa kuchukua maji mwenyewe, usiisuuze chupa, usiguse ndani ya kifuniko, acha bomba limwage kidogo kwanza, kisha jaza na kufunga. Kama maji yametiwa klorini, mwambie, kwa kuwa chupa yake itakuwa ya namna nyingine. Ifunge katika kitambaa kilicholowa, iwekwe kivulini, na ifike kwake siku ile ile. Iandikwe jina la chemchemi, tarehe na saa. Usisahau kupima na maji ya mtungi wako wa nyumbani, katika chupa ya pili.